Spishi 2,000 za Velenovský: tusikisingizie Kicheki

Josef Velenovský, mtaalamu wa mimea na kuvu wa Prague aliyeishi kati ya 1858 na 1949, alitoa majina mapya kwa takriban spishi 2,000 za kuvu, nyingi akiziokota Bohemia ya kati, katika Ucheki ya leo. Ni idadi ya kutisha kwa mtu mmoja, tena mtu aliyekuwa na kazi nyingine tele: mimea ya Bulgaria, mosi (mimea midogo laini inayoota juu ya mawe na magogo), visukuku vya majani, na vitabu vinene vya maumbile ya mimea. Sehemu kubwa ya majina hayo ya kuvu leo hayatumiki. Ama ilibainika kuwa uyoga uleule ulikwisha kupewa jina na mtu mwingine, ama hakuna awezaye kusema kwa uhakika profesa aliona nini siku ile msituni.

Wanaomlaumu wana hoja mbili, na mara nyingi huzifunga katika furushi moja. Kwanza, kwamba kitabu chake kikubwa cha uyoga, České houby, kilichotoka 1920 hadi 1922 kikiwa na kurasa zaidi ya 900, alikiandika kwa Kicheki. Pili, kwamba alikuwa na haraka. Mimi nadhani furushi hilo lifunguliwe, maana hoja ya kwanza ni nyepesi kuliko inavyopigiwa kelele.

Velenovský hakuandika Kicheki kwa kukosa lugha nyingine. Miaka ya 1880 alichapisha kwa Kijerumani utafiti wa visukuku vya mimea ya Bohemia, na mwaka 1891 akatoa Flora Bulgarica kwa Kilatini. Alichagua. Chuo kikuu cha Prague kilikuwa kimegawanywa mwaka 1882, Wajerumani upande huu na Wacheki upande ule, naye alifundisha upande wa Kicheki. Chekoslovakia ilizaliwa Oktoba 1918, na miaka miwili baadaye kitabu kikaanza kutoka. Halafu kuna wasomaji wenyewe. Bohemia ni nchi ambayo watu wa kawaida huingia msituni na vikapu kutafuta uyoga, na tangu 1919 František Smotlacha alikuwa akitoa jarida kwa ajili yao. Mwalimu wa shule ya kijijini au bwana misitu asingefika mbali na kitabu cha Kilatini.

Gharama ilikuwepo, hilo tusilifiche. Kanuni za kimataifa za kutoa majina ya mimea na kuvu, zilizopitishwa Vienna mwaka 1905, zilitaka kila spishi mpya ya mmea au kuvu, kuanzia 1908, iambatane na maelezo ya Kilatini. Velenovský hakuzijali. Kwa kufuata kanuni hizo, mamia ya majina yake yalizaliwa yakiwa batili. Kilichomwokoa ni mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Cambridge mwaka 1930, uliosogeza mbele sharti la Kilatini; hatimaye tarehe ikawa 1 Januari 1935. Majina ya 1920 yakarudi ndani ya sheria bila yeye kuinua kalamu. Baadaye mwanafunzi wake Albert Pilát, aliyekuwa Makumbusho ya Taifa ya Prague, akazifasiri kwa Kilatini spishi mpya za kitabu hicho na kuzichapisha mwaka 1948. Kwa chapisho hilo, aliyetaka kujua profesa alisema nini hakuwa tena na sababu ya kujifunza Kicheki. Na tangu 2012 hata Kilatini si lazima, Kiingereza kinakubalika pia. (Kicheki bado hakimo, wala Kiswahili, kwa hiyo anayedhani vita vya lugha katika sayansi vimekwisha angoje kidogo.)

Hoja ya haraka ndiyo yenye uzito. Uyoga ni kiumbe kigeugeu. Mvua huosha rangi ya kofia, jua huipasua, na uyoga mchanga huweza kutofautiana na mzee wa aina ileile hadi ukawadhania wageni wasiojuana. Ili kutenganisha spishi mbili unahitaji makusanyo mengi, ya misimu tofauti. Unahitaji kupima spora, yaani chembe zake za uzazi, kwa hadubini. Na unahitaji kulinganisha na sampuli za waliotangulia, kama zile za Persoon zilizoko Leiden au za Fries kule Uppsala, wawili walioweka misingi ya elimu ya kuvu. Velenovský alipita sana katika misitu ya Mnichovice, kusini-mashariki ya Prague, na mara nyingi makusanyo machache, pengine moja tu, yalimtosha kutoa jina. Tatizo ni kwamba jina likishachapishwa kihalali haliwezi kutupwa kimyakimya. Jina la zamani zaidi ndilo lenye haki, kwa hiyo mtafiti anayetaka kuelezea spishi mpya leo lazima kwanza ajihakikishie kwamba Velenovský hakumtangulia. Na pale ambapo sampuli haikubaki, au imebaki katika hali mbaya, hana pa kushika.

Watetezi wake nao hawasemi hewa. Alianza kuchapisha České houby akiwa na miaka zaidi ya 60. Kama angesubiri hadi kila uyoga uthibitishwe, huenda aliyoyaona yangezikwa naye. Pia uchunguzi wa vinasaba umeonyesha mara nyingi kwamba kilichodhaniwa kuwa spishi moja ni kadhaa zinazofanana, na baadhi ya majina yake bado yako kazini: Russula zvarae ni mojawapo, na Conocybe velutipes, ingawa imehamishiwa jenasi (kundi la spishi za karibu) nyingine, bado hubeba jina la Velenovský kwenye mabano kama mtoaji wa kwanza. Nakubali, ila nusu. Ukitoa majina 2,000, machache yatalenga shabaha hata kama mkono unatetemeka. Aliyegawa spishi kwa jicho kali akaacha ushahidi anastahili sifa kamili. Aliyegawa bila kuacha ushahidi wa kutosha amewapa wenzake fununu, na fununu nayo ina faida yake, lakini kuithibitisha ni jasho la mtu mwingine.

Anayeshikilia kwamba kosa lilikuwa Kicheki atazame kilichofuata. Mwaka 1934 Velenovský alitoa Monographia Discomycetum Bohemiae, juu ya kuvu wenye umbo la vikombe na visahani, na safari hii aliandika Kilatini. Hakuna aliyeweza kulalamikia lugha. Hata hivyo Mirko Svrček, wa makumbusho yaleyale ya Prague, alilazimika miongo kadhaa baadaye kuzipitia upya spishi za kazi hiyo, akitafuta sampuli moja baada ya nyingine na kuiweka chini ya hadubini ili kuamua ipi ibaki na ipi iunganishwe na ya zamani.