Diski Ipo, Ila Haipo

Hivi wewe umewahi kubishana na kompyuta kuhusu kitu ambacho wote wawili mnakiona? Mimi ndiyo kazi yangu wiki hii.

Mjomba ana skana yake ya zamani, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, ila draiva yake, yaani ile programu ya kuifanya kompyuta iielewe, iliishia kwenye Windows 7. Basi kanunua kompyuta mpya, kaniita: "Mpwa, hebu nipigie Windows 7 humu. Si dakika ishirini tu?" Hizi dakika ishirini sijui watu wanazitoa wapi. Kila mwenye shida ya kompyuta anakuja nazo ameshakupimia, na usiku ukiingia anakuuliza kwani unafanya nini humo ndani.

Nikachomeka flashi, nikawasha. Cha kwanza, kipanya kimekufa. Kibodi nayo kimya. Skrini inanikaribisha vizuri tu, inataka nichague lugha, na mimi sina cha kuchagulia. Nikatafuta kibodi ya kizamani, ile ya tundu la duara la PS/2, bahati nzuri mashine ilikuwa bado na tundu hilo. Nikasonga mbele. Ikaniambia inakosa draiva ya kifaa cha CD/DVD. Jamani, kompyuta yenyewe haina pa kuingizia CD! Kumbe maana yake ni kwamba flashi ipo kwenye tundu la USB 3.0, na Windows 7 haikuja na draiva za USB 3.0. Sasa si ungesema tu "sioni flashi" tukaelewana? Yaani umesoma faili zako kwenye flashi hiyohiyo, umeamka, umenikaribisha, halafu unakana kwamba unaijua.

Hilo likapita, nilichomeka tundu la USB 2.0. Likaja lenyewe: hakuna diski iliyopatikana.

Naingia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayoamka kabla ya Windows, diski hii hapa, na jina lake, na gigabaiti zake 500, haina wasiwasi. Narudi kwenye kusakinisha: haipo. BIOS: ipo. Huku: haipo. Nimekuwa kama msuluhishi wa wanandoa wanaolala chumba kimoja lakini hawasalimiani, kila mmoja anakutuma kwa mwenzake.

Ukweli ni kwamba Windows 7 ilitoka mwaka 2009, na NVMe, hiyo lugha inayozungumzwa na diski ya mjomba, toleo lake la kwanza lilitoka 2011. Hawakukutana. Baadaye kilitolewa kiraka cha kuifundisha Windows 7 lugha hiyo, KB2990941, lakini unakipachika wewe mwenyewe ndani ya faili za usakinishaji kabla hujaanza.

Wazee wa Windows XP najua mnanicheka. Nyie mlikuwa na kitufe cha F6. Mstari mmoja chini ya skrini unakuambia ukibonyeze, sekunde chache, ukipiga chafya umeukosa, unaanza upya. Ukiuwahi unaombwa draiva, na iwe kwenye flopi, ile ya megabaiti 1.44, sio kitu kingine. Lakini angalau mlikuwa na njia ya panya: unaingia BIOS, unatoa SATA, njia ya diski, kwenye AHCI, mtindo mpya wa kuongea na diski, unaiweka IDE, ule wa zamani, XP inaiona diski, maisha yanaendelea. Ila ole wako umalize kusakinisha halafu uirudishe AHCI bila kuweka draiva: skrini ya buluu, 0x0000007B. Diski ya NVMe haina hata hiyo IDE ya kukimbilia.

Basi nikaitafuta draiva, nikaipata. Ni faili la .exe. Hebu tulia hapo kidogo. Draiva ya kuisaidia Windows ione diski inataka kwanza iwepo Windows ya kuifungulia! Aliyepanga hivyo alikuwa amekula ameshiba. Kinachotakiwa mle ni faili za .inf na .sys, kwa hiyo unaomba kompyuta ya mtu mwingine, unalifungua huko, unazitoa kama zilivyo. Na ziwe za biti 64 kama Windows yenyewe ni ya biti 64, la sivyo itazitazama hivihivi kama haijaziona.

Mjomba akachungulia mlangoni. "Bado tu?"

"Bado kidogo, mjomba."

Nikapakia draiva, mstari ukatambaa, diski ikatokea. Nilipiga makofi peke yangu. Nikaichagua, na hapohapo ikaniandikia chini kwa maandishi madogo kwamba Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski hii, imepangwa kwa mtindo wa GPT, namna mpya ya kupanga sehemu za diski. Maana mashine imewaka kwa njia ya kizamani, na njia hiyo inataka MBR, ile namna ya zamani. Yaani mmekutana leo, na leoleo umeshamkataa.

Dawa yake ni Shift na F10, linafunguka dirisha la kuandikia amri, unaandika diskpart, programu ya kushughulikia diski, unachagua diski namba fulani, unaandika clean. Orodha inaonyesha diski ya mjomba na flashi yangu zimekaa jirani, moja 0, nyingine 1. Programu ya kusakinisha imeniuliza lugha, saa, aina ya kibodi, nikubali masharti, nina draiva au sina. Hiyo clean inafuta kila kitu, na haiulizi chochote.