Nilinunua Rangi, Nikapewa na Nyumba

Ukinikuta sebuleni saa nane za usiku, gizani, nimebandika sikio ukutani kama daktari anayesikiliza mapafu, usinipigie kelele za mwizi. Mwenye nyumba ni mimi. Nasikiliza maji.

Zamani nilikuwa mpangaji, tena mpangaji mwenye mdomo. Bomba likivuja nampigia mwenye nyumba, namfokea, "Mzee, hapa hapakaliki!" kisha nakata simu nalala usingizi wa mtoto. Bomba la kwanza lilipovuja kwenye nyumba yangu, nilishika simu kwa hasira zilezile za zamani, nikatafuta namba ya mwenye nyumba, nikapiga. Ilikuwa inatumika. Nilikuwa nimejipigia mwenyewe.

Nyumba tuliiona mara moja tu, saa nne asubuhi, jua limetoka, dalali kafungua madirisha yote, rangi bado inanukia. Mama watoto akasimama katikati ya sebule, akazunguka taratibu, akasema, "Hapa pazia la kijani." Nikajua tumekwisha. Dalali naye alilisikia hilo pazia. Kuanzia dakika ile bei haikushuka hata punje, maana mtu aliyekwisha kutundika mapazia kichwani hana pa kurudi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, tena wa bure: mkienda kuona nyumba ya kununua, mapazia yabaki moyoni. Kunjeni sura. Guneni. Mama watoto akitaka kusifia, asifie akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Halafu ile rangi. Hebu nijibu wewe: mtu anayehama anapaka rangi kwa ajili ya nani? Nyumba kaishi miaka yote na rangi yake ya zamani, leo anaondoka ndipo anakumbuka usafi? Na wala hakupaka nyumba nzima. Alipaka ukuta mmoja wa chumba cha kulala, ile mingine mitatu akaiacha. Nilimuuliza dalali, akanijibu, "Siku hizi ndiyo mtindo, kiongozi, ukuta mmoja unakuwa tofauti." Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua mitindo.

Mvua za kwanza mtindo ukaanza kubanduka. Rangi ilivimba malengelenge kama mtu aliyeungua, ikadondoka vipande, chini yake kukatoka unga mweupe wa chumvi. Unyevu ulipanda mpaka usawa wa kiuno ukasimama hapo, umejichorea mstari wake, kama mtu anayeoga mtoni akaogopa kwenda mbele. Nikaita fundi, akabandua plasta akapiga upya. Miezi minne, kiuno kikarudi. Nikaita mwingine. Na nikuambie, mafundi wote ulimwenguni wana salamu moja. Hawasemi hodi. Wanaangalia kazi iliyopo, wanasikitika kama waliofika msibani, wanauliza, "Nani huyu alikutengenezea hivi?" Yule wa kwanza nilipomwita tena mara ya tatu, naye aliuliza vilevile. Nikamwambia, "Ni wewe." Akasema, "Aah, ndiyo maana msingi wake ni mzuri."

Kumbe maji ya ukutani yana kabila zake, na ungejua mapema usingelipa plasta mara mbili. Yanayotoka ardhini huishia kama mita moja hivi kwenda juu na kuacha ile chumvi. Yanayotoka paani huchora duara la kahawia kwenye dari, duara ndani ya duara. Halafu kuna yale yanayotoka kwetu sisi wenyewe, pumzi zetu, mvuke wa jikoni na bafuni, yanaganda kwenye kuta baridi na kuotesha ukungu mweusi kwenye kona na nyuma ya kabati. Hilo la mwisho dawa yake ni kufungua dirisha na kusogeza kabati lipumue. Ukilipakia rangi, umelibadilishia shati tu.

La kwangu lilikuwa la ardhini, na siri ilikuwa nje. Ile bustani ya maua ambayo dalali aliisifia mpaka akayashika maua mkono! Udongo ulirundikwa ukutani ukapita juu ya usawa wa sakafu ya ndani, na mfereji wa paa ukawa unamwaga maji yake yote palepale. Yaani ukuta ulikuwa umekaa ndani ya beseni miaka yote hiyo. Tiba ilikuwa jembe. Nilichimba udongo mpaka ukawa chini ya sakafu, nikauinamisha maji yaende mbali na nyumba, nikaongeza kipande cha bomba kwenye mfereji. Mgongo uliniuma wiki mbili, ukuta ukakauka taratibu kwa miezi. Mafundi wawili waliokula pesa zangu hakuna aliyetoka nje kutazama maua.

Ndiyo maana siku hizi namwambia kila mtu: nenda ukaione nyumba mvua inanyesha. Dalali atakwambia njia ni mbaya leo, tuahirishe. Wewe vaa buti.

Maji ya bomba nayo niliyapima kwa adabu mno. Nilifungua koki moja, ya jikoni, kidogo, kama ninayemsalimia mkwe. Ikatoa maji, nikafurahi. Hukumu ya maji ni kufungua koki zote kwa pamoja, bomba la mvua linamwagika, jikoni panamwagika, huku mtu anavuta maji ya choo. Sikufanya hivyo. Leo nikiwa bafuni, povu machoni, nikasikia tu sahani zinagongana jikoni, najua zamu yangu imekwisha. Nasimama pale kama sanamu ya sabuni, namngoja mwanangu amalize kuosha sufuria.

Sasa turudi kwenye sikio ukutani. Bili ya maji ilikuja mwezi mmoja nikadhani wameniletea ya kiwanda. Nikaitisha kikao cha familia. Niliwatuhumu wote, mmoja mmoja, mpaka mgeni aliyelala siku mbili. Mke wangu akasema, "Badala ya kutugombeza, si ufunge koki zote uangalie mita?" Maneno hayo yaliniuma kwa kuwa yalikuwa na akili. Unafunga kila kitu, unaandika namba za mita, hakuna anayegusa maji kwa saa mbili, unarudi kusoma. Mita yangu ilikuwa imetembea. Watu wamelala, koki zimefungwa, mita inakwenda safari zake peke yake kama ina mke mwingine.

Nilihangaika usiku ule na sikio langu, kila ukuta, na ndipo nikaambiwa nipime choo kwanza. Choo kinaweza kuvuja kimyakimya mwaka mzima, maji yanateleza kutoka kwenye tenki lake kwenda kwenye bakuli na wewe husikii hata tone. Unatia rangi kidogo ndani ya tenki, unakaa nusu saa bila kuvuta maji, ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli basi mwizi umemkamata. Nikachukua rangi za kuchorea za watoto. Kosa langu ni kuchagua nyekundu na kutomwambia mtu. Kitinda mimba akatoka chooni mbio, suruali magotini, anapiga mayowe kwamba anakufa. Tukamtuliza, tukamfariji, na mimi moyoni nashangilia: ni choo! Kilichoharibika kilikuwa kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Kipande hicho ndicho kilichotaka kuvunja ndoa.

(Na koki kuu, ile inayofunga maji ya nyumba nzima, itafute leo wakati hakuna shida. Sisi tulianza kuitafuta bomba la jikoni lilipopasuka. Ilikuwa chini ya chungu cha maua. Maua tena.)

Upande wa makaratasi tulifanya vizuri, na sifa zote ziende kwa mama watoto, aliyekataa kusaini chochote mpaka wakili wetu, siyo wa muuzaji, aende kwenye ofisi ya ardhi kuhakikisha jina lililo kwenye hati ndilo la mtu anayetuuzia, na kwamba hakuna benki iliyokwisha kuishika. Halafu akaja mpima na vyombo vyake, akatuonyesha kuwa uzio umesimama hatua nzima ndani ya kiwanja cha jirani. Tungelipa pesa zetu na ugomvi juu. Muuzaji aliuhamisha huku ananung'unika, nami nikamwambia, "Siku hizi ndiyo mtindo."

Ila mkopo, jamani. Mtu akikwambia riba ni asilimia 12 kwa mwaka, unaona kumi na mbili ni namba ndogo, watoto wa darasa la kwanza wanaihesabu. Weka kwa miaka 20 uone. Ukikopa 100, mpaka unamaliza umelipa kama 264. Na ubaya wenyewe uko mwanzoni. Lile rejesho la kwanza ukilikata mafungu 11, mafungu 10 yanameza riba, fungu moja tu ndilo linalopunguza deni. Nilikaa mezani na karatasi nikamweleza mke wangu. Akanisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo mwezi huu tumenunua nini?" Nikapiga hesabu. "Kitasa." "Cha mlango wa mbele?" "Cha stoo." Tangu hapo kila mwezi tunatembea ndani ya nyumba tunachagua. Mpaka sasa tuna vitasa, swichi mbili na nusu ya dirisha la choo, zilizobaki ni za benki. Kitu kimoja cha kufurahisha, ukipata pesa ya ziada miaka ya mwanzo ukaitia kwenye deni lenyewe, unakata miezi ya mwisho mingi kuliko unavyodhani. Lakini uliza kwanza kama benki yako haitozi faini kwa kulipa mapema, maana kuna mahali hata ukiwahi unaadhibiwa.

Na usiimalizie pesa yote kwenye kununua. Wazoefu husema utenge kama asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka kwa matengenezo. Mimi nilicheka. Nikasema nyumba imepakwa rangi mpya, itengenezwe nini? Bajeti hiyo ya mwaka iliisha na ile plasta.

Kuna ufa pia. Umeanzia kwenye kona ya dirisha la sebuleni unapanda mshazari. Mwanzoni ulikuwa unywele, na nyufa za unywele kwenye plasta kwa kawaida hazitishi, plasta ikikauka hunywea. Wa kutisha ni ule unaokwenda mshazari, mpana upande mmoja, sarafu inaingia, na milango nayo imeanza kung'ang'ania fremu. Huo unamwita mhandisi, haumwiti mpaka rangi. Wangu uko katikati ya hayo mawili, haujaamua. Kwa hiyo nimeambiwa nichore kistari cha penseli pale ncha inapoishia na niandike tarehe. Nikaandika. Baada ya miezi mitatu nikaandika nyingine, kidole kimoja mbele. Watoto nao wanapimwa urefu kwenye ukuta huohuo, na hadi sasa anayekua haraka ni ufa. Mke wangu alitundika picha yetu ya harusi kuuficha. Juzi umechomoza upande wa pili wa fremu, juu ya kichwa changu. Mhandisi anakuja Jumatatu.

Sasa wiki iliyopita shemeji yangu akaja mbio, anahema. Kapata nyumba! "Shemeji, twende ukaione, ni mpya kabisa, hata rangi bado inanukia."

Nikasimama kimya. Nikaenda chumbani, nikachukua tochi, sarafu, penseli, na gololi ya kitinda mimba. Shemeji akauliza gololi ya nini. Nikamwambia twende.

Tukamkuta dalali kafungua madirisha. Sikumsalimia vizuri, nilipitiliza bafuni nikafungua kila kilichofunguka, jikoni vilevile, nikamwambia shemeji avute maji ya choo na asiulize. Nikagonga marumaru kwa sarafu, moja baada ya nyingine, zilizoshika zinalia kavu, zisizoshika zinalia kama ngoma, na pale sebuleni zilikuwa bendi nzima. Nikatoka nje kuangalia bustani. Nikarudi ndani, nikamulika dari, nikanusa ndani ya kabati. Dalali alikuwa ananifuata nyuma, kaacha kutabasamu.

"Samahani mzee," akaniuliza, "wewe ni fundi?"

"Hapana. Mimi nina nyumba."

Shemeji alikuwa dirishani anaangalia mandhari, na nikamwona midomo inaanza kulitafuta lile neno la pazia. Nikamkanyaga mguu. Kisha nikachuchumaa katikati ya sebule, nikaiweka gololi sakafuni taratibu, nikaiachia.

Gololi ilikaa kidogo, kama inafikiri. Halafu ikaanza kutembea. Tukaitazama wote watatu ikienda, ikiongeza mwendo kuelekea ule ukuta wenye rangi tofauti, mpaka dalali akanyoosha mguu akaizuia kwa kiatu.