Bosi anayekufungulia duka ukashindane naye

Kila siku semina za ujasiriamali, vijana wanapewa tisheti na cheti wanaambiwa haya nendeni mkajiajiri, na mtaji je? Kimya. Waigbo wa Nigeria hilo walishalimaliza zamani kwa kitu wanaita igba boi.

Iko hivi. Kijana anatolewa kwao anapelekwa kwa mfanyabiashara, wanamwita oga, anakaa naye miaka mitano, sita, hata saba. Mshahara hakuna, ila anakula na kulala kwa oga. Mwanzoni ni kufagia duka, kubeba mizigo na kutumwa tumwa, baadae anaachiwa kastoma. Mtu kaja Nnewi, mji wa Waigbo wenye soko kubwa la spea, kutafuta brekipedi, dukani zimeisha, basi dogo anamwambia kaa hapo bosi nakuletea, anachomoka mbio duka la jirani anachukua kwa mali kauli anaongeza cha juu anauza. Hapo ndo biashara inaingia kichwani, darasani huipati hiyo.

Muda ukiisha oga anaita wazee na ndugu wa kijana, anamkabidhi mtaji, pengine na mzigo wa kuanzia au kodi ya fremu, na mara nyingi duka lenyewe linafunguliwa soko lilelile! Yani unamtengeneza mpinzani wako kwa hela yako. Na yeye akisimama anachukua vijana wake, ndo maana ukienda soko la Alaba kule Lagos au soko la Ariaria pale Aba unakuta watu wameinuana hivyo hivyo.

Utamaduni huu ulikuwepo kabla ya vita ya Biafra, ile ya Waigbo kutaka kujitenga na Nigeria, ila vita ilipoisha 1970 ndo ulishika kasi kweli, maana Mwigbo alikuwa na akiba yake benki, iwe kubwa vipi, serikali ikaishia kumpa pauni 20 tu. Utaanzia wapi na pauni 20 kama sio kwa mgongo wa ndugu?

Sasa msije mkadhani ni peponi. Kuna maoga wakiona siku ya kumtoa kijana inakaribia ghafla dogo anakuwa mwizi, anafukuzwa mikono mitupu na miaka yake saba imeenda hivyo. Mapatano mengi ni ya mdomo, atashtaki na nini? Mi naona iandikwe tangu siku ya kwanza mbele ya wazee, kiasi gani na lini, na oga awe anaweka kidogo kidogo kila mwezi pembeni, sio asubiri mwaka wa mwisho ndo aanze kuumwa roho.