Kiingereza cha kuombea maji

Kwenye nguzo moja ya umeme pale Kabwe kuna karatasi imebandikwa: ongea Kiingereza kama Mzungu ndani ya siku 30. Chini yake kuna namba ya simu. Mvua za Machi zimeifuta nusu, ila neno Mzungu limebaki. Na mimi nafundisha Kiingereza cha kuongea, sebuleni kwangu, hapahapa Mbeya, huu mwaka wa saba. Kila nikipita pale najiuliza kama mwenye ile karatasi amewahi kukaa na mwanafunzi mmoja zaidi ya hizo siku zake thelathini.

Watu wakitaka kumdhihaki mtu husema Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu. Wanafunzi wangu wengi wangeshukuru sana kukipata hicho. Wanaokuja kwangu siyo watu wasiosoma. Wamemaliza kidato cha nne, wengine wana diploma, vyeti vimelala kabatini ndani ya bahasha ya kaki. Ukimwandikia sentensi yenye kosa anakuonyesha kosa liko wapi. Ukimwambia akutajie nyakati za vitenzi, zote kumi na mbili, anazishusha kama anaimba kwaya. Sasa mwambie aombe glasi ya maji kwa mgeni aliyekaa mbele yake, uone jasho, na baridi ya Mbeya unaijua.

Wala si ajabu. Sisi tuliosoma shule za msingi za serikali, zile mnazoziita Kayumba, tulisoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja katikati ya mengine. Januari moja unavaa sketi ndefu ya sekondari na baiolojia inakujia kwa Kiingereza. Mwalimu naye anawaonea huruma: anaeleza kwa Kiswahili, halafu anaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza, mnanakili, mnakariri, mnaujibu mtihani. Miaka minne mkono umeandika Kiingereza na mdomo haujakigusa. Hili lilionekana zamani. Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, mtu wa kwetu huku, Njombe, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo. Serikali haikulifuata. Mimi sina ugomvi na uamuzi wa wakubwa wa enzi hizo, ila bili yake ndiyo inayolipwa jioni sebuleni kwangu, Sh. 30,000 kwa mwezi.

Halafu kuna kibao. Shule niliyosoma, huku huku Nyanda za Juu Kusini, kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzio, na jioni wote waliokivaa wanaitwa mstarini. Nia ilikuwa tuongee Kiingereza. Tulichojifunza ni kunyamaza. Nakumbuka tukienda kuteka maji, wasichana ishirini njiani, ndoo kichwani, kimya kama tunatoka kuzika. Mpaka leo nikimwona mtu mzima ameulizwa jambo kwa Kiingereza akatabasamu na kuinamisha macho, naiona ile kamba shingoni kwake.

Aibu yenyewe ni kwamba mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliweka kopo mezani. Ukitamka neno la Kiswahili unatumbukiza Sh. 200. Nilijiona mjanja. Kopo lilijaa kidogo, darasa likapungua, na siku moja nikabaki na kijana mmoja ambaye alikuwa akinidai hela ya kuni. Kopo sasa hivi lina majani ya chai.

Aliyenifundisha kazi hii ni mama mmoja wa Mwanjelwa, muuza mchele. Alikuja Juni, amevaa sweta mbili na kujifunga kanga juu yake, na kabla hajakaa akasema, "Mwalimu, mwenzio nimetukanwa Tunduma." Alikuwa amepeleka magunia arobaini ya mchele wa Kyela mpakani. Watu wa Nakonde ng'ambo ya pili Kiswahili wanakijua, biashara imewafundisha, lakini mnunuzi wa siku hiyo alitoka Lusaka na hakujua hata "habari". Bei walielewana kwa kikokotoo cha simu. Mzigo ukapakiwa. Mwishoni yule bwana akauliza, "You don't have more?" Mama akajibu kwa ujasiri kabisa, "Yes!" Mnunuzi akaenda kulala gesti. Asubuhi amerudi na Fuso tupu, anataka mzigo wa pili.

"Si kaniuliza kama sina? Nikamwambia ndiyo. Ndiyo, sina!"

Mama wa watu hakuwa na kosa, alikuwa amejibu Kiswahili safi kwa neno la Kiingereza. Sisi tunayajibu maneno ya aliyeuliza: umesema sina, ndiyo, umepatia, sina. Kiingereza hakijali swali limekujaje, kinaangalia kitu chenyewe. Kipo, "yes". Hakipo, "no". Nimepekua madaftari yangu yote ya shule na sijaona mahali tulipofundishwa hili. Nyakati kumi na mbili tulifundishwa.

Basi tukaacha vitabu. Jioni tulikuwa tunakunywa chai, mimi namimina huku namuuliza, "You don't want sugar?" Akisahau akajibu "yes", natia vijiko vitatu na anainywa. Chai ya nne hakusahau tena, na mpaka leo akija kwangu anakishika kile chombo cha sukari kwanza.

Tangu hapo nimekuwa naokota vitu vya namna hiyo. "Yeye" wetu ni mmoja kwa mwanamume na mwanamke, ndiyo maana mtu anamtambulisha mumewe kwa Kiingereza anamwita "she", na wote wanacheka, naye hafungui mdomo tena mwezi mzima. Kuazima kwetu ni kitenzi kimoja: nimeazima jembe, niazime jembe. Wenzetu wamegawa, anayetoa ana neno lake, "lend", na anayepokea ana lake, "borrow". "Pole" haina mwenzake. Ukimwambia Mwingereza aliyejikwaa "sorry", anaweza kukutazama akidhani wewe ndiye uliyeweka jiwe. Haya hayahitaji akili nyingi wala miezi sita. Yanahitaji mwalimu anayekijua Kiswahili vizuri, kwa sababu humo ndimo mwanafunzi anamotokea. Ndiyo maana simwelewi mzazi anayeniambia kwa fahari kwamba mwalimu wa mtoto wake wa tuisheni hajui Kiswahili kabisa.

Kuhusu lafudhi nina maneno machache. Sisi wa Rungwe na Kyela tunataniwa kwa r na l tangu tunazaliwa, tumezoea. Anayekutoza hela akufundishe kuongea kwa puani anakuibia. Kitu cha kushughulikia ni mkazo. Kiswahili kinaukandamizia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, siku zote, ukiacha vineno vichache kama barabara ile yenye maana ya sawasawa. Kiingereza hakina adabu hiyo, mkazo unakaa unapotaka. Ukiuweka pasipo pake, msikilizaji anapotea hata kama kila herufi umeitamka. Kwa hiyo namba, majina ya siku na maneno ya kazi ya mtu tunayapiga mkazo kwa kugonga meza. Majirani wamezoea.

Wanaoniudhi zaidi ni wazazi wa watoto wadogo, na najua baadhi yao wanasoma hapa. Mama ananiletea mtoto wa miaka mitatu, anataka asisikie Kiswahili hata kidogo, na nyumbani dada wa kazi ameshakatazwa kuzungumza naye. Nimewarudisha wengi, na hela ya ada niliihitaji, msidhani. Mtoto mmoja wa namna hiyo alipelekwa Tukuyu Krismasi. Bibi yake anamwita, anamwambia hadithi, mtoto anamtazama kama tivii isiyo na sauti. Bibi akaamini mjukuu ana tatizo la masikio na akashauri apelekwe hospitali. Mtoto wa miaka mitatu anapaswa kubishana, kudanganya, kusimulia ndoto na kuomba andazi la pili, kwa lugha ambayo watu wa nyumbani wanaimudu. Akishajua kuongea, Kiingereza kitapata mahali pa kukaa. Nileteeni akiwa darasa la tatu, na mje na daftari la kuchorea.

Wazee ndio wanafunzi wangu niwapendao, na ndio walionisumbua kuwapangia. Mwanzoni nilichanganya rika zote, nikidhani darasa litachangamka. Nikamweka mzee mmoja, mstaafu wa reli, pamoja na binti wa kidato cha pili. Binti hakucheka hata kidogo, ana heshima zake, lakini mzee alipochapia binti akamsahihisha, taratibu tu, "Babu, siyo hivyo." Mzee akasema ahsante mjukuu wangu, na hakusema neno lingine mpaka muda ukaisha. Wiki iliyofuata hakuja. Nilimfuata kwake, nikamkuta anapalilia bustani ya kabichi, nikamwamkia shikamoo, nikaomba radhi. Sasa wazee wana siku yao, Jumamosi saa nne asubuhi jua likishatoka, milango imefungwa. Siwasahihishi. Akikosea nairudia sentensi yake ikiwa imenyooka, kama vile nimeipenda, na tunaendelea. Atakayesema huko ni kubembeleza watu aje ajaribu kumkatiza mtu wa miaka sitini na nane aliyefanya kazi kwenye treni za TAZARA.

Mzee huyo alikuja na sababu moja. Usharika wake wa Moravian hupokea wageni kutoka Ujerumani, ukaribu wa tangu wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891, na yeye ni mzee wa kanisa. Kila ugeni ukija alikuwa anakaa kiti cha nyuma, anatabasamu. Hakutaka kuongea kama Mzungu. Alitaka kumwuliza mgeni kama alilala salama, ana watoto wangapi, na huko kwao wanalima nini. Tukayafanyia kazi hayo matatu kwa miezi miwili.

Wageni walipokuja Agosti akakaa kiti cha mbele. Anasema aliuliza vizuri ile ya kulala, ya watoto akachapia kidogo, na alipofika kwenye kilimo yule mgeni ndiye aliyekwama. Akatazama juu, akapiga vidole, akamwuliza mwenzake kwa Kijerumani, wakashauriana, bado. Mwishowe akachora kwenye vumbi kwa kijiti. Ilikuwa kabichi.

"Cabbage," mzee akamwambia.

Amenisimulia mara nne, na kila mara anafika hapo anainuka kitini. Jumamosi hii hatakuja, ana msiba Tukuyu. Ameniomba nimtumie somo kwa ujumbe wa sauti, nisiongee haraka, na safari hii anataka majina ya mbogamboga zote.