Tenki Lililokataa Kuzama Dodoma

Vyombo nimeshusha majini vingi, vya serikali na vya watu. Hiki kilijishusha chenyewe, saa tatu usiku, uani kwangu Nkuhungu, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wala hakikuwa chombo. Lilikuwa tenki la maji ya mvua.

Aibu yenyewe inaanzia kwenye kazi yangu. Mimi nilikuwa mwanamaji Kigamboni, fundi wa chuma, na nilipostaafu nikaendelea kuchomelea kwenye karakana ya meli huko Ziwa Victoria. Vijana waliopita mikononi mwangu hadi leo wanakumbuka wimbo wangu: chombo kitupu ni chombo kichaa, kitie farumi kwanza, yaani uzito wa kukituliza majini. Nimewaimbia mpaka wakachoka. Sasa sikilizeni mwimbaji mwenyewe alivyofanya.

Dodoma mvua ni ya kuanzia Desemba mpaka Aprili, basi. Miezi mingine unaangalia mawingu yanavyopita kwenda kwa wengine. Kwa hiyo ukiwa na paa, vuna. Hesabu yake ni nyepesi: mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa langu ni mita 12 kwa 10, kwa hiyo mvua ya milimita 30 tu inanipa lita 3,600. Mama Neema alitaka tuagize tenki la plastiki liwekwe juu ya mnara kama watu wote. Nikamwambia fundi wa meli hanunui tenki.

Nikanunua pleti za chuma za milimita 4. Nikakunja duara la kipenyo cha mita 1.5, urefu mita 3, vichwa viwili bapa vilivyokazwa kwa vyuma vya pembe kwa ndani. Ujazo wake lita 5,300, uzito wake kama kilo 600. Maungio nimeyaacha na mwanya wa milimita 2, nikashikiza kila sentimita 10, halafu nikachomelea kwa vipande vifupi vya kurudi nyuma, huku na kule, ili joto lisikusanyike sehemu moja. Ukienda moja kwa moja kama anayeshona gunia, pleti nyembamba hivyo itajikunja kama chapati.

Kupima kuvuja nako nilifanya kama nilivyofundishwa. Maji ya kujaza lita 5,300 kwa majaribio sikuwa nayo, nikatumia upepo na povu la sabuni. Tahadhari hapa, maana wengi huumia: upepo wa bar 0.1 tu kwenye kichwa cha kipenyo kile unasukuma kwa nguvu ya tani 1.8 hivi. Geji ya kompresa ya kujazia matairi haiwezi hata kuonyesha kiasi kidogo hivyo. Unafunga mpira angavu wenye umbo la U, unatia maji ndani yake, na maji ya upande mmoja yakipanda mita 1 zaidi ya upande wa pili, hapo una bar 0.1. Ukizidisha, maji yanaruka nje ya mpira na upepo unatoka, tenki linabaki salama. Halikuvuja hata tundu la sindano. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza. Tenki linalovuja lisingefanya lililofanya.

Shimo: urefu mita 3.6, upana 2, kina 2. Ardhi ya huku bondeni ni ule udongo mweusi wa mbuga, ukikauka unapasuka mpaka mtu anaweza kupoteza ndala, ukilowa haupitishi maji. Nikatandika mchanga chini, winchi ikateremsha tenki, nikafukia pembeni kwa mchanga na juu nikaweka udongo wa sentimita 30. Shingo ya tundu la kuingilia ikabaki nje, imefunikwa wavu. Ndani nilikuwa nimepaka epoksi, rangi ngumu ya matenki ya maji ya kunywa, nayo inataka kama siku 7 ikomae kabla ya kuguswa na maji. Kwa hiyo bomba la gata la inchi 4 sikuliunganisha. Nililiacha linaning'inia, mdomo wake ukitazama chini.

Ukitazama wapi? Kwenye ule mchanga wa pembeni.

Mama Neema alipoona udongo laini haukai bure, akapanda mchicha juu yake. Halafu akachimbia mti wa kamba ya nguo. Sikusema kitu. Udongo ulikuwa wake, mimi changu kilikuwa chini.

Siku ya tano mvua ikaja, ile ya Dodoma inayokuja na hasira za miezi saba. Tumekaa sebuleni, umeme umekatika, nikasikia sauti niliyoijua vizuri sana: chuma kinagugumia. Sauti ile mara ya mwisho niliisikia ndani ya chombo.

"Baba Neema," mke wangu akasema, "mchicha wangu unatembea."

Nikamulika tochi. Tenki lilikuwa limetoka ardhini. Upande wa shingo, yaani omo, mbele ya chombo, ulitangulia, umeinuka kama sentimita 70. Tezi, yaani nyuma, ilikuwa bado imezama. Chombo kimelala kushoto nyuzi kama 15. Katikati ya mgongo umesimama mti wa kamba ya nguo kama mlingoti, na juu yake kanga mbili na shuka langu jeupe vinapepea. Kuku mmoja alikuwa tayari ameshapanda.

Hesabu niliifanya palepale, kwa aibu. Shimo lilikuwa na mita za ujazo 14.4, ukitoa tenki inabaki kama 9 za mchanga. Theluthi moja hivi ya mchanga ni nafasi tupu, kwa hiyo lita 3,000 zinatosha kulijaza shimo pomoni, na paa langu lilikuwa limezimimina zote humo kupitia lile bomba. Udongo wa mbuga ukazishika kama sufuria. Tenki tupu ndani ya maji linasukumwa juu kwa tani 5.3. Lenyewe ni tani 0.6. Udongo wa juu ukishalowa na kuzamishwa, uzito wake unaobaki ni kama tani 1.1. Zinabaki tani 3.6 zinazotaka kupanda, na juu yake kuna mchicha.

Silika ikafanya kazi kabla ya akili. Chombo kinayumba, tia farumi! Nikafungua bomba la maji. Mgao. Nikachukua ndoo ya lita 20, nikaanza kuchota maji ya shimoni na kuyamimina ndani ya tenki kupitia shingo, matope na yote, juu ya epoksi yangu changa. Tani 3.6 ni ndoo 180.

Kwenye ndoo ya arobaini hivi, nikasikia mtu anakohoa ukutani. Mzee jirani, Mgogo wa hapahapa, amejifunika gunia la nailoni.

"Mbukwa, Afande."

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Mimi bahari siijui. Lakini nilisikia huko watu huchota maji wakayamwaga nje ya chombo."

Sikuwa na jibu. Nikaendelea kuchota.

"Unajua jina la mji huu?" akaniuliza. Nilijua, kila mtu analijua: wazee husimulia kwamba tembo alizama kwenye tope hapa, watu wakasema idodomya, amezama. "Basi," akasema, "tembo kazama. Chuma chako kimekataa."

Niliacha kwenye ndoo ya 62. Uchovu ulikuwepo, lakini kikubwa ni kwamba tenki lilipoinuka mchanga ulitiririka ukajaa chini yake. Hata ungelijaza mpaka shingoni, lisingerudi. Lilikuwa limepanda chelezo lake lenyewe, kama meli iliyopandishwa nchi kavu.

Ilibidi kufukua upya, siku tatu, vibarua wanne, nao wakauliza kila saa kama tunasafiri lini. Safari hii nikamwaga kwanza zege chini: mita 4 kwa 2.2, unene sentimita 35. Ni mita za ujazo 3.08, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) zikala mifuko 20 ya saruji. Zege likizama majini linapoteza uzito wa maji liliyoyahamisha, kwa hiyo usilihesabu kwa tani 2.4 kwa mita ya ujazo, lihesabu kwa 1.4. Nikabaki na tani 4.3 za kushikilia, dhidi ya zile 3.6. Tenki nikalifunga kwenye zege kwa mikanda mitatu ya chuma bapa cha milimita 50 kwa 6, na chini ya kila mkanda kipande cha mpira wa tairi, chuma kisisage rangi. Bomba la gata likaunganishwa kabla ya koleo la kwanza la mchanga, na la kumwagia maji ya ziada likapelekwa mtaroni. Epoksi nilikwangua yote, nikapaka upya, nikahesabu siku 7 kwenye kalenda huku nikitazama mbingu. Kisha nikanunua maji ya boza, nikatia theluthi ya tenki, ndipo nikafukia.

Mchicha ulihamishiwa kwa jirani. Kamba ya nguo Mama Neema kaifunga kwenye nguzo ya baraza, kasema yeye hapandi tena chombo changu.

Mwezi uliofuata yule mzee akaja na fimbo yake, akakaa, akanywa chai mpaka ikaisha ndipo akasema shida yake. Anataka tenki kama langu.

"Ila nieleze bei, Afande. La kuelea shilingi ngapi, na la kuzama shilingi ngapi?"

Nikamwambia la kuzama ni ghali zaidi, lina mifuko 20 ya saruji. Akafikiri.

"Basi nitengenezee la kuelea," akasema. "Nitakalisha kuku juu yake."