x = 3 imesimama, shida ni fomula tuliyokaririshwa

Mwambie mtu achore x = 3 kwenye grafu uone, wengi wanakuchorea mstari wa kulala, ukiuliza kwa nini unajibiwa si mhimili wa x umelala, basi na x = 3 nayo ilale. Wengine wanaweka nukta moja pale kwenye 3 wanafunga daftari.

Mi naona hiyo x = 3 ni sharti tu. Nukta yoyote ambayo x yake ni 3 inaingia, y iwe yoyote ile. (3, 0) imo, (3, 5) imo, (3, -2) imo, hata (3, 1000) imo, ziweke kwenye grafu zinapangana moja juu ya nyingine na mstari unasimama wenyewe. Ndo maana mhimili wa y mlinganyo wake ni x = 0, na hapo watu huwa wanagoma kabisa kukubali.

Kinachonikera ni y = mx + c, ile fomula ya mstari ambayo m ni mteremko na c ni pale mstari unapokata mhimili wa y. Tunakaririshwa kana kwamba kila mstari ulionyooka lazima uingie humo, halafu ukija mstari wima tunaambiwa eti huu ni wa kipekee. Kipekee gani? Fomula ndo haiuwezi, yenyewe inataka kila x itoe y moja na huku x moja imebeba y zote. Wangeanza na ax + by = c yasingetokea haya, weka a = 1, b = 0, c = 3, hiyo hapo x = 3.

Sasa mteremko, yaani y ilivyopanda ukigawanya kwa x ilivyosogea. Chukua (3, -2) na (3, 5), y imepanda 7, x haijasogea, unapata 7/0. Hakuna namba ukiizidisha kwa 0 inatoa 7, kwa hiyo mteremko haupo. Sio sifuri jamani, sifuri ni ya mstari wa kulala kama y = 4! Halafu kuna wajuaji wa "infiniti". Sawa, chanya au hasi? Mstari ulioinamia kulia ukiusimamisha taratibu mteremko unaenda 10, 100, 1000, ulioinamia kushoto unaenda -10, -100, -1000, na yote miwili inaishia kwenye wima uleule. Tuchague upi?

Hata ile kanuni kwamba mistari ikikatana kwa nyuzi 90 ukizidisha miteremko yake unapata -1 inakwama hapa, x = 3 na y = 4 zinakatana pale (3, 4) kwa nyuzi 90 safi kabisa ila ukitafuta cha kuzidisha na ile sifuri ya y = 4 hukioni.