Usiilaumu Feni Kabla Hujaona Kilicho Nyuma Yake

Laptopu ikivuma kutwa kucha, mwenye nayo hufanya moja kati ya mambo matatu. Hununua stendi ya feni zenye taa za buluu, hutafuta programu ya kuilazimisha feni itulie, au humwambia fundi, "Nibadilishie feni." Yote matatu yanapigana na kelele, na kelele si ugonjwa. Feni haijiamulii kasi. Kwenye bodi kuna chipu inayosoma joto la prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi zote za mashine, na kuiagiza feni izunguke kiasi gani. Ikikimbia saa nzima, mara nyingi chipu imesoma joto saa nzima. La mgambo likilia kuna jambo, na kuivunja pembe hakuliondoi jambo.

Ndiyo maana kwa laptopu za mtumba zilizojaa madukani kwetu, zile EliteBook, Latitude na ThinkPad zilizokwisha kufanya kazi maofisini Ulaya na Marekani kabla hazijafika huku, nasema feni iwe ya mwisho kushukiwa.

Kabla ya bisibisi, tumia sikio. Uvumi wa hewa unaopanda na kushuka ni sauti ya feni nzima iliyolemewa. Mkwaruzo au msago, hasa dakika za kwanza mashine ikiwa bado baridi, au unaobadilika ukiinamisha laptopu, ni beringi iliyokauka. Tak-tak-tak ni waya au kipande cha plastiki kinachogusa mapanga. Mlio mwembamba kama wa mbu si wa feni kabisa: unatoka kwenye koili za umeme za bodi, na hakuna usafi utakaouondoa.

Kisha pima joto la prosesa. Programu ya HWiNFO ni ya bure. Kwenye Linux, sakinisha lm-sensors halafu andika sensors. Iache mashine dakika 10 bila kazi. Nyuzi 40 hadi 55 ni sawa. Ukiipa kazi nzito, 75 hadi 90 bado hakuna la kushtua. Ikiruka hadi 95 au 100 ndani ya sekunde chache, joto halipati njia ya kutoka: prosesa nyingi za Intel za laptopu kikomo chake ni nyuzi 100, na zikifika hapo hujipunguzia kasi zenyewe. Kumbuka na chumba. Apple na HP huandika kuwa mashine zao zimekusudiwa mazingira yasiyozidi nyuzi 35, na chumba cha bati bila dari pale Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari kinaweza kufika hapo. Kila nyuzi moja ya chumba huongeza takriban nyuzi moja ndani ya mashine, kwa hiyo laptopu iliyokuwa kimya Iringa ikivuma Tanga haijaharibika.

Joto likiwa juu "bila kazi", kazi ipo, wewe tu huioni. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, panga orodha kwa safu ya CPU, na uitazame dakika tano. Ukikuta Antimalware Service Executable au Windows Modules Installer Worker, mara nyingi Windows inajikagua au inajisasisha. Anayeiunganisha na hotspoti ya simu dakika 20 kisha akazima haipi nafasi ya kumaliza, na kesho itaendelea na kazi ile ile. Iache kwenye chaja na intaneti usiku mmoja. Chrome ina orodha yake yenyewe, Shift+Esc, inayokuonyesha ni ukurasa gani unaokula prosesa.

Dalili moja nataka uikumbuke: feni inatulia mara tu unapofungua ile orodha, na ukiifunga inapanda tena. Kuna programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa nguvu ya mashine yako zilizoundwa kujificha namna hiyo, na njia mojawapo ya kuingilia ni vile vifaa vya "kuamilisha" Windows na Office bila leseni. Hapo endesha ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mtandao, unaowasha upya mashine na kukagua kabla Windows haijaamka. Ukaguzi huo usipotosha, futa diski na usakinishe upya. Kusafisha feni kwa ajili ya mchimbaji sarafu ni kumsaidia mwizi kubeba.

Wenye HP za ofisini waangalie jambo moja dogo. Washa ukibonyeza F10, tafuta mpangilio ulioandikwa "Fan Always On while on AC Power", ondoa alama. Kuna mashine zimefunguliwa bure kwa sababu ya kisanduku hicho.

Sasa vumbi, na hapa ndipo hela nyingi zinapotupwa. Feni huvuta hewa kutoka chini na kuisukuma ubavuni kupitia kichana cha vibati vyembamba vya shaba au alumini. Bomba bapa la shaba linalotoka juu ya prosesa linaishia kwenye kichana hicho. Vumbi, nyuzi za nguo na nywele hupita katikati ya mapanga na kunasa kwenye uso wa ndani wa kichana, pale pembamba kati yake na feni. Vinashikana mpaka vinakuwa kitambaa kabisa, cha kushika na kuvuta kwa vidole. Ukimulika tochi kwa nje unaona vibati safi. Ukitazama kwa chini unaona feni yenye vumbi la kawaida. Fundi akipuliza kwa nje, kitambaa kinarudi nyuma kwenye mapanga, kelele inapungua siku chache, kisha kinarejea mahali pake. Kwa hiyo mkiwa dukani usiulize, "Umesafisha?" Sema, "Nionyeshe kichana, feni ikiwa imetolewa."

Ukitaka kufanya mwenyewe, zima kabisa: shikilia Shift unapobofya kuzima, maana Windows hupenda kulala nusu. Chomoa chaja. Bisibisi ya nyota PH0 au PH00 inatosha kwa nyingi, na skrubu zilizojificha huwa chini ya miguu ya mpira. Achanisha kifuniko kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, bisibisi bapa huacha majeraha. Kitu cha kwanza ndani ni kuchomoa plagi ya betri, kwa sababu bodi ina umeme hata mashine ikiwa imezimwa na skrubu moja ikidondoka vibaya inatosha kuiunguza. ThinkPad T480 hukurahisishia: ndani ya BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, kuna sehemu ya kuzima betri ya ndani, na ya nje unaivuta. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi na uchomeke kila skrubu mahali pake. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hutokea upande wa pili.

Feni hushikwa na skrubu mbili hadi nne na plagi ndogo. Shika plagi, siyo waya, ukiibembeleza huku na huku. Soketi yake ikibanduka bodini, hiyo ni kazi ya mtu wa lehemu. Toa kitambaa kwa kibano, piga brashi laini, puliza masalia huku umezuia mapanga kwa kijiti cha meno. Feni ikizungushwa na upepo hupita kasi iliyoundiwa, na beringi ndiyo inayolipa. Mashine ya kujazia matairi isikaribie hapo, hewa yake hubeba maji na mafuta.

Kuna laptopu ambazo feni imeungana na hitisinki, yaani lile bomba la shaba na kichana chake, hutoi moja bila nyingine. Hapo pesti, ule uji mzito unaopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, lazima ibadilishwe, kwani ya zamani ikishaachana haishiki tena vizuri. Iwashe mashine dakika tano kwanza, kabla ya kuifungua, ili pesti ilainike. Skrubu za hitisinki zina namba. Legeza kuanzia kubwa kurudi 1, nusu mzunguko kwa zamu, na wakati wa kufunga anza na 1. Izungushe hitisinki kidogo huku na huku ndipo uinue, usiivute kwa nguvu wala usilipinde bomba. Ndani yake mna kimiminika kidogo kinachochemka upande wa prosesa na kupoa upande wa kichana, na bomba likipasuka linabaki kipande cha shaba tu.

Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Baadhi ya spiriti za vidonda zina mafuta ndani na huacha utando. Prosesa ya laptopu haina kofia kama ya kompyuta ya mezani, ni kipande kitupu cha silikoni kinachong'aa kama kioo, kwa hiyo sambaza pesti tabaka jembamba likifunike chote hadi pembeni. Sirinji ya gramu 4, MX-4 kwa mfano, inatosha laptopu kadhaa. Dawa ya meno hukauka upesi, achana nayo. Metali ya kimiminika, inayotumiwa badala ya pesti, hula alumini. Na zile pedi laini za kijivu au buluu juu ya vipuri vingine usizibadili kwa pesti, kwa sababu zinaziba mwanya wa milimita 0.5, 1 au 1.5. Ukiweka nene kupita ile ya zamani, hitisinki inanyanyuka juu ya prosesa, na utakuwa umelipa hela ili mashine ichemke zaidi.

Sioni haja ya kubadili pesti kila mwaka. Nzuri hukaa miaka mitatu au minne. Vumbi ndilo la miezi sita kwa aliye kando ya barabara isiyo na lami, mwaka kwa wengine.

Ikiwa sauti ni ya mkwaruzo, hapo sasa feni ina kosa. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili, kwa zile ambazo rota yake huchomoka, hununua miezi. Mafuta ya kupikia huganda. Ukinunua mpya, linganisha namba iliyo kwenye stika ya feni yenyewe, idadi ya waya na volti, nyingi ni 5. Jina la laptopu halitoshi: modeli moja huwa na toleo lenye chipu ya picha na lisilo nayo, na feni zake hazifanani. HP ikiwaka na ujumbe wa 90B, haioni feni ikizunguka ipasavyo, kwa hiyo rudia plagi kabla ya kurudisha mzigo dukani.

Kuhusu stendi: vifuniko viwili vya chupa za maji chini ya miguu ya nyuma vinafanya sehemu kubwa ya kazi yake, maana kinachohitajika ni hewa kuingia. Anayetaka kimya zaidi aifungie prosesa kasi ya ziada. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99 kisha powercfg /setactive scheme_current. Core i5-8250U, yenye kasi ya msingi ya 1.6 GHz, haitakimbilia tena 3.4 ikiwa kwenye chaja. Kwa kuandika na kusoma huoni tofauti kubwa. Kwa kuhariri video utaikumbuka kasi hiyo, na kuirudisha ni kuandika 100.

Baada ya kufunga, rudia kipimo kile kile, chumba kile kile, saa ile ile. Joto la kazi nzito likiwa limeshuka nyuzi mbili tatu tu baada ya kitambaa kutoka na pesti kubadilishwa, huenda hitisinki haijakaa sawa. Fungua tena utazame alama ya pesti: upande mnene kuliko mwingine ndio upande ambao skrubu yake haikufika mwisho.